Filamu ya Mauaji Isiyo na Muuaji

Espérance, mwenzetu wa hifadhi ya filamu, ndiye aliyeniomba niandike, na ndiye aliyesema niandike kwa Kiswahili, wengine atawatafsiria. Nimekubali kwa kuwa nimestaafu na sina tena kisingizio cha kazi. Basi wenzangu mnaobaki kule chini kwenye vyumba vya baridi, someni polepole, maana nami naandika polepole. Vidole havikunjiki vizuri siku hizi. Habari za vyeo nitaziacha. Vyeo vyangu mnavijua, vinaenea kwenye mstari mmoja na nafasi inabaki.

Siku ya kwanza nilivaa kilemba changu cha sikukuu. Ofisi ya ajira iliniambia napelekwa kwenye hifadhi ya filamu, na mimi, mtu wa Buyenzi kule Bujumbura, mgeni bado hapa Brussels, nikaelewa kwamba nakwenda mahali wanapotengeneza sinema. Nilimwambia mume wangu huenda nikawaona waigizaji. Nilichokiona ni ngazi ya kushuka, mlango wa chuma, na mzee mmoja mwenye koti la bluu la kazi aitwaye Lucien. Hakunipa mkono kwa sababu alikuwa amevaa glavu za pamba. Alifungua kopo la bati la duara, pana kama sinia, akalileta puani kwangu.

“Nusa.”

Nikanusa. Siki. Kali mpaka machozi yakanitoka.

“Hiyo ni filamu inayokufa,” alisema. “Ukisikia harufu hiyo usilie. Weka pembeni, funika, fungua kopo linalofuata.”

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya wiki ya kwanza: kufungua, kunusa, kufunika. Wiki iliyofuata akanipa fundo la mkanda uliotupwa, umesokotana kama nywele za mtoto aliyekataa kuchanwa, akaniambia niufungue bila kuukata. Nilipomaliza akaukata yeye kwa mkasi vipande vipande, ili nijifunze kuuunga. Huyo ndiye Lucien. Tulifanya kazi miaka mingi meza kwa meza, na sikumbuki akinisifu hata siku moja. Kazi ikiwa nzuri alikuwa anasema, “Bon,” yaani vizuri, na kugeukia meza yake. Nilijifunza kuishi kwa hiyo “bon”.

Rafu tuliyopewa sisi wawili ilikuwa ile ambayo hakuna mtu aliyeitaka. Filamu kubwa, zile za watu waliopewa tuzo, zilikuwa na mafundi wao ghorofa ya juu, penye dirisha. Sisi tulipewa takataka za Hollywood, filamu za mauaji za bei rahisi za enzi ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zilizotengenezwa haraka ili zionyeshwe kabla ya filamu yenyewe ambayo watu wamelipia kuiona. Zote zilikuwa fupi, na zote zilikuwa na mambo matatu. Kuna maiti. Kuna polisi mmoja mjinga wa kuchekesha watu. Na kila hadithi inapoanza kushika kasi, kila mtu anaacha uchunguzi, anaingia kwenye jumba la dansi, na mwanamke mwenye gauni linalometameta anaimba mpaka mwisho. Kisha wanarudi kwa maiti.

Mimi Kiingereza sikukijua, na pale mezani mkanda hauna sauti. Nilikuwa nazijua filamu hizo picha kwa picha, nikizivuta taratibu chini ya taa, nikitafuta yale matobo ya pembeni, yanayoshikwa na meno ya mashine, yaliyochanika. Baada ya muda nikaanza kuona mambo. Ngazi ileile ya mbao ilikuwa kwenye nyumba ya tajiri, kwenye hoteli, na kwenye kituo cha polisi. Pazia la jumba la dansi lilikuwa na kiraka upande wa kulia hata katika filamu zisizohusiana. Nilimwonyesha Lucien. Akasema, “Walikuwa wanafanya kazi usiku katika nyumba ya watu wengine, walitumia kilichokuwepo.” Maneno hayo nikayaelewa vizuri sana. Brussels nzima naona watu wa namna hiyo.

Kuna jambo moja la mwanzoni ambalo sijawahi kulisimulia. Siku tulipoitwa chumba cha maonyesho kukagua mkanda kwa sauti, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia filamu niliyoikarabati. Nilikaa nyuma, nimefurahi. Polisi mjinga akafungua kabati, mlio wa bastola ukapasuka, na mimi nikajikuta koridoni, nimejibana ukutani. Nilitoka Bujumbura mwaka ambao mlio huo ulikuwa wa kila siku. Lucien alinifuata na vikombe viwili vya kahawa. Tukanywa tumesimama. Kesho yake akaniita mezani, akanionyesha ule mstari mwembamba wa pembeni ya mkanda ambao ndio sauti yenyewe, akaweka mikanda ya filamu tatu sambamba.

“Tazama hapa. Na hapa. Na hapa. Ni mlio mmoja, Zaina. Waliurekodi mara moja, wakautumia miaka yote. Hiyo bastola imelia mara moja tu.”

Nilitazama mikwaruzo ile mitatu inayofanana. Sitasema kwamba tangu hapo sikushtuka tena. Lakini nilirudi chumba cha maonyesho, nikakaa kiti kilekile, na nilipoisikia nikajiambia, ndiyo ile, hakuna mpya.

Miaka ikaenda. Lucien akastaafu, akawa anakuja Alhamisi kunywa kahawa na kulalamikia gundi mpya. Nami magoti yakaanza kuchoka kwa baridi, na siki ikaniharibia chakula. Nyumbani kachumbari nakula na ndimu, na kwenye vibanda vya chipsi nasimama mbali na chupa za siki. Watu hudhani ni dini.

Sasa nifike kwenye kesi ambayo Espérance ananidai.

Nina jirani yangu Maman Neema, Mkongomani wa Uvira, ambaye anahudumia wazee kwenye makazi yao kule Berchem-Sainte-Agathe. Tulikuwa tumekaa saluni kwenye Galerie d'Ixelles, yeye anasukwa, mimi nangoja, akanigeukia kwa kadiri msusi alivyomruhusu.

“Zaina, kuko mama mumoja kule ku kazi. Muzee kabisa, vraiment. Anasemaka alichezaka mu filimu, kule Amerika. Benzangu banasema ni kichwa imechoka. Donc, weye si unatengenezaka filimu? Kuya umusikilize.”

“Sitengenezi filamu, Neema. Naziba matobo.”

“Ah bon. Kuya utazibe na ya kwake.”

Nikaenda Jumapili. Mama huyo aliitwa Madame Ruth. Alikuwa mwembamba, mgongo umenyooka kuliko wangu, na Kifaransa chake kilikuwa bado na Amerika ndani yake ingawa alikuwa amemfuata huku mume wake Mbelgiji, muuza vitambaa, tangu vita ilipoisha. Hakuwa na picha, hakuwa na jina la filamu hata moja. Nilimuuliza, akacheka.

“Majina? Yalikuwa yanafanana yote. Tulikuwa wacheza dansi wa nyuma. Unaamka, unakwenda, unacheza nyuma ya mwimbaji, unavua nguo wanampa mwingine. Ninachokumbuka ni bata.”

“Bata?”

“Yule polisi wa kuchekesha alikuwa anamkamata bata katikati ya wimbo. Bata wa kweli. Aliniuma hapa.” Akagusa paja lake juu ya blanketi. “Walisema usipige kelele, tunarekodi. Nikatabasamu huku bata ananing'inia. Ningependa kuona kama tabasamu lilionekana.”

Maman Neema alikuwa amesimama mlangoni na sinia la dawa. Akanitazama kana kwamba anasema, umeona, kichwa imechoka. Lakini mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti. Bata yule nilimjua. Miaka kadhaa nyuma, nikivuta mkanda chini ya taa, niliona mbawa nyeupe zikipita mbele ya safu ya wasichana, nikamwita Lucien, naye akasema, “Bon, ni bata,” akarudi kwenye meza yake.

Nililitafuta kopo hilo siku nne. Nilipolipata nilijua kabla ya kufungua. Siki ilikuwa imeshatoka hadi kwenye rafu. Filamu hiyo ilikuwa na makopo sita. Manne yalikuwa mazima. Mawili yalikuwa yanakufa: la tatu, lenye wimbo na bata, na la sita, la mwisho, ambamo muuaji anatajwa. Mkanda ukifikia hali hiyo unasinyaa na kupinda kama ngozi ya mbuzi juani, na mashine za kawaida haziwezi kuunakili bila kuukatakata. Mashine moja tu mjini iliweza, ilikuwa ya karakana ya nje, na karakana hiyo ilikuwa inafungwa. Greet, mkuu wetu wa wakati huo, aliniita ofisini.

“Nimepigania nafasi, Zaina, wamenipa ya kopo moja. Nyingine zote zimechukuliwa. Wewe ndiye unayeijua rafu hiyo. Chagua wewe.”

Nilimwambia palepale kuhusu Madame Ruth, ili asije akasikia kwa mtu mwingine. Akasema kwamba mwanamke mmoja wa Berchem si sababu inayokubalika katika kazi ya hifadhi, ila hakuniambia nichague vingine.

Alhamisi Lucien alikuja. Nilimweleza, akaweka kikombe chini.

“Kopo la mwisho,” alisema. “Hakuna haja ya mjadala. Filamu ya mauaji isiyo na muuaji ni nini?”

“Ni filamu ya nyimbo.”

“Ni filamu iliyovunjika. Kazi yetu ni kutokuwa na filamu zilizovunjika.”

“Lucien, wewe mwenyewe umewahi kujali nani aliua? Katika hizi zote?”

Akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, hata akikasirika. “Hapana,” akasema. “Huwa ni mwanasheria. Lakini lazima waseme.”

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijua kwamba kwa sheria za kazi yeye alikuwa amesema kweli. Watu waliokaa vitini kule zamani walikaa ili waambiwe nani. Wimbo walipewa kama nyongeza. Na bado kila nilipofumba macho niliwaona wale wasichana wa nyuma, ambao hata majina yao hayakuandikwa mwanzoni mwa filamu, na mmoja wao yuko hai, umbali wa safari ya tramu, ananyweshwa dawa na Neema. Muuaji alikuwa mtu wa kubuni. Asubuhi nikafunga kopo la tatu kwenye sanduku lenye vijiwe vya kunyonya unyevu, nikaandika anwani ya karakana.

Kopo la sita nililiweka kwenye baridi, nikaendelea kulihangaikia kwa miezi, nikitumaini mashine nyingine itapatikana. Haikupatikana. Siku moja nikalifungua nikakuta mkanda umegandana, bonge moja gumu kama sukari guru. Nililipeleka mwenyewe kwenye pipa la taka za kemikali, sikutaka mwingine alibebe. Lucien nilimwambia kwa simu. Akasema, “Bon.” Ilikuwa “bon” ya namna nyingine, ambayo sikuwahi kuisikia, na Alhamisi mbili zilizofuata hakuja. Ya tatu akaja, akalalamikia gundi.

Nakala ya wimbo iliporudi, Maman Neema alimleta Madame Ruth kazini kwetu, kashika fimbo, kapaka rangi ya mdomo. Tulimkalisha mbele ya skrini ndogo. Jumba la dansi likatokea, lile pazia lenye kiraka, mwimbaji, safu ya wasichana nyuma yake. Nikasimamisha picha.

“Wa tatu kutoka kushoto,” alisema mara moja. “Huyo.”

Msichana wa miaka kama ishirini hivi, nyusi nyembamba, kidevu juu. Bata akaruka. Msichana akatabasamu. Ukijua, unaona. Macho yanafunguka zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa, na tabasamu haliondoki.

Neema akapiga makofi. “Eh, Maman Ruth! Kumbe ni kweli!”

Lakini Madame Ruth alikuwa ameinama mbele, uso karibu uguse kioo.

“Miguu yangu iko wapi?”

Nilisahau. Mnajua nakala za Ubelgiji zilivyo. Zimechapwa tafsiri chini ya picha, mstari wa Kifaransa na mstari wa Kiholanzi, kwa sababu nchi hii haiwezi kucheka kwa lugha moja. Maneno ya wimbo yalikuwa yamejaa chini pale, mistari miwili minene, na nyuma yake miguu ya wasichana wote ilikuwa imezama. Nilisogeza picha mbele, nyuma. Kila mara mwimbaji alipovuta pumzi na maneno yakapotea kidogo, viatu vilionekana, kisha vikafunikwa tena.

“Viatu vilikuwa vya msichana mwingine,” alisema. “Vidogo. Nilicheza siku nzima vidole vimekunjwa. Uso haukufanya kitu, uso ulikaa tu. Miguu ndiyo iliyofanya kazi.”

Nikamrudishia pale mwimbaji anapopumua, picha kwa picha, kadiri mashine ilivyoweza kwenda taratibu. Akaitazama miguu yake hivyo, kwa vipandevipande, mpaka Neema akasema muda wake umeisha, lazima warudi.

Greet ndiye aliyetaka filamu ionyeshwe kwa watu, ilivyo, bila mwisho. Tulipata ukumbi mdogo karibu na Flagey, Jumamosi mchana, baada ya soko. Walikuja watu wengi kuliko nilivyotarajia, wengine na vikapu vya mboga. Lucien alikuja na tai. Watu walicheka vizuri. Walicheka kwa bata mpaka mtoto mmoja akaomba irudiwe. Kisha likafika kopo la tano. Polisi mjinga anawakusanya wote kwenye ile ngazi ya mbao, anafunga mlango, anaweka ufunguo kwenye kofia yake, anasema kwamba muuaji yumo humu ndani na sasa hivi atamtaja. Anainua kidole. Skrini ikawa nyeupe tupu. Taa zikawaka.

Kwanza walicheka. Halafu wakaona hatucheki. Bwana mmoja wa mstari wa mbele akasimama, amekasirika kwelikweli, vitunguu vya majani vinatokeza kikapuni.

“Mnatukalisha hapa saa nzima halafu hamsemi nani?”

Greet alieleza habari za siki na mashine. Bwana hakuridhika. Ndipo Greet akasema kwamba katika ukumbi kuna mtu aliyecheza ndani ya filamu hii, na kila mtu akageuka. Madame Ruth alinishika mkono ili asimame.

“Madame, basi wewe tuambie,” alisema yule bwana, sauti imelainika. “Nani aliua?”

“Sijui,” alisema Madame Ruth. “Hawakutuambia. Tulikuja siku ya wimbo tu. Tulicheza, tukavua nguo zao, tukaenda zetu. Sikuwahi kuiona hadithi yake mpaka leo.” Akafikiri kidogo. “Ninyi mmeona mengi kuliko mimi. Mimi nilikuwa nimeipa mgongo hadithi.”

Yule bwana alibaki amesimama, kisha akaweka kikapu chini na kuanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Nilimtafuta Lucien kwa macho. Hakuwa anapiga makofi. Alikuwa ameketi mikono magotini, anaitazama skrini nyeupe, na nadhani bado alikuwa anamngoja mwanasheria. Tulipokuwa tunatoka alinigusa bega.

“Ningechagua la mwisho,” alisema.

“Najua.”

“Wasingepiga makofi.” Akavaa kofia yake, akaenda zake upande wa kituo cha basi. Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki.

Neema alikuwa na zamu, kwa hiyo nilimrudisha Madame Ruth mimi mwenyewe. Mvua nyembamba ilikuwa inaanza. Tulibadili tramu mara moja, naye akapanda kila kidato kwa kupumzika, akikataa nimbebee mkoba. Tukapata viti viwili vya pamoja. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, magoti yananiwaka, na nilishukuru tu kukaa. Alivua viatu vyake, akavipanga vizuri chini ya kiti, akaegemea bega langu. Tramu ikapita nyumba za matofali, madirisha yanaanza kuwaka. Nilidhani amelala.

“Kesho tunaanza saa ngapi?” aliuliza, macho ameyafumba.

Nilimtazama. Rangi ya mdomo ilikuwa imefutika yote.

“Kesho hakuna kazi, maman,” nikamwambia. “Tumemaliza.”

“Wote?”

“Wote.”

“Afadhali,” alisema, akanyoosha vidole vya miguu ndani ya soksi, na akalala mpaka Berchem.